Wanakuacha ya Tatu

Darajani, siku mbili kabla ya mfungo, hapana pa kuweka mguu, na hapo hapo ndipo Wanu alipopachagua kurikodia video. Ushungi wa zambarau, baibui limepigwa pasi mpaka linang'aa, sabuni ya mwani mkononi, simu kaiegemeza kwenye tenga la ndimu. Mara ya tisa anaanza kwa Kiingereza chake cha skuli, mwanamme mrefu akapita mbele na nguru mzima begani.

"Ala! We kaka huoni?"

"Nnaona, bibi. Nnaona unasema na Mzungu, na Mzungu mwenyewe simwoni."

"Yanakuhusu?"

"Ndiyo kazi yangu. Nnafuatilia nani anatazama nini kwenye kurasa za redio yetu. Naitwa Hisham."

Wanu alitaka kumtolea maneno, akajikuta anacheka. Basi yakaanzia hapo.

Shida anayo, mwana wa watu. Ushirika wa kina mama wa mwani wa Jambiani umemkabidhi kiduka Mji Mkongwe na ukurasa wa mtandaoni. Mwaka mzima anaweka sabuni na maua, na hakuna anayetazama ila binamu zake. Bi Riyama, mwenyekiti, alishamwambia: "Mwanangu, Idi ikipita na hali ni hii hii, tunaufunga. Urudi ufunge mwani kambani na wenzio."

Mwani haumtishi. Kinachomtisha ni kurudi mbele ya watu waliomwona akiolewa kwa ngoma, kisha akarudishwa kwa karatasi ya talaka kabla mwaka haujaisha.

Hisham akapewa ruhusa ya kuingia kwenye takwimu za ukurasa. Kila baada ya futari anapiga simu.

"Ushafuturu?"

"Nshafuturu. Muhogo wa nazi."

"Na wangu uko wapi?"

"Kwa mama ako."

Wiki mbili hivyo, mpaka Wanu akawa anaisubiri simu kuliko adhana. Ndipo alipokwenda Jambiani kwenye kikao. Yuko barazani kwa Bi Riyama, kina mama wamejaa, simu ikaleta ujumbe wa sauti wa Hisham. Akaufungua bila kufikiri.

"Wanu, kipenzi, nikwambie kweli. Wanakuacha. Kila mmoja anakuacha ya tatu, hata hajakusikiliza."

"Toba!" akasema mama mmoja.

Uso wa Wanu ukamwiva. Neno kuacha halitupwitupwi mbele ya mwanamke aliyeachwa, na hiyo ya tatu ndiyo talaka isiyo na marejeo. Akaenda pembeni, akampigia.

"Nani kakusimulia habari zangu?"

"Habari gani?"

"Aliyeniacha alikuwa mmoja, na mara moja! Hizo mbili umeniongezea wewe?"

"Wanu, hebu ngoja..."

Akakata, akamfungia namba. Wanaume wa takwimu hawa! Watakupimia dunia nzima, neno moja kamili likawashinda.

Siku nne alilia. Ya tano, kwa hasira, akafungua takwimu mwenyewe aone huko anakoachwa. Kila video mstari wa watazamaji unaanza juu, ukifika sekunde ya tatu unaporomoka, hajamaliza hata salamu.

"Sekunde!" akasema, akajishika kichwa. "Sekunde ya tatu!"

Video moja tu haikuporomoka, ile aliyoirusha kwa makosa: Bi Riyama kasimama maji ya magoti, anamgombeza mwenzake kwa kuvuna mwani mchanga. Watu wameitazama mpaka mwisho, wengine wameirudia. Na watazamaji wenyewe si watalii. Wako Unguja, Dar es Salaam, na wengi mno Maskati, wanafungua simu alasiri. Wanu akamfungulia Hisham namba, akampigia.

"Hisham."

"Naam."

"Niwie radhi. Nimekosa."

"Na mie nimekosa. Nimekula neno."

"Tena mchana wa Ramadhani!"

Wakacheka mpaka Hisham akashindwa kusema. Kisha akasema, "Siku tano hizi nilikuwa kama mtu aliyefunga bila daku. Usinifanyie tena."

Wakaanza upya. Hakuna salamu, hakuna maua, hakuna Kiingereza. Bi Riyama kajifunga kanga kiunoni, anaanza kwa ukali wake na lafudhi yake ya Jambiani: "Nani kakwambia sabuni hii ya wageni?" Wakairusha alasiri. Mstari ukapita sekunde ya tatu, ukapita ya kumi, ukaenda zake. Mwanamke wa Maskati akaandika: "Jamani, hiyo sauti ya kwetu! Nileteeni sabuni, na bibi mwenyewe pia." Maagizo yakamiminika. Mwezi ishirini na saba rafu za kiduka zilikuwa tupu, na Hisham anabeba maboksi uwanja wa ndege na saumu yake.

Idi pili kikao kikakaa. "Ukurasa haufungwi," akasema Bi Riyama. "Na Wanu atafutiwe wasaidizi wawili." Vigelegele vikapigwa mpaka kuku wakakimbia.

Hisham alikuwa nje, kanzu nyeupe, anamngoja.

"Wanu, nataka nitume wazee."

Wanu akakaza ushungi wake. Alimpenda, na aliogopa, yote kwa pamoja.

"Unajua nshaachwa."

"Najua. Umenipigia kelele mwenyewe."

"Na bado?"

"Bado. Nakutaka uwe mke wangu, Wanu."

Machozi yakamtoka, asiyafute.

"Basi waje Ijumaa. Lakini wasije mjini. Waje hapa hapa Jambiani, mchana kweupe, kila mtu aone."