Pesa Haiwekeshwi Kama Mbuzi

Kwetu Mbeere, mtu haweki mbuzi wake wote boma moja. Wengine anawapeleka kwa rafiki awatunze, na wakizaa mnagawana. Ugonjwa ukiingia kwako, wale wa kule wanabaki.

Mume wangu Gedion alifikiri pesa pia iko hivyo. Kijana mmoja wa kikundi alichoingizwa kwa simu alimwambia, "Mzee, leta tukuwekee kwa soko la hisa. Kila wiki inazaa."

Gedion akauza mbuzi wa hapa nyumbani, wale wa kumpeleka binti yetu Tabby chuo. Mwanzo alituma kidogo, akarudishiwa na faida. Akaleta nyama.

"Mama Tabby, umeona? Wewe na woga wako!"

Akatuma zote. Baada ya siku chache, kijana akaandika: faida ni kubwa, lakini tuma kwanza ada ya kuitoa.

Gedion akashika kamba, akaenda kwa rafiki yake Muriithi kuchukua mbuzi tuliowekesha huko, awauze pia. Mimi nikakimbia kwa jirani yetu Lydiah, anayefanya kazi kwa sacco, chama cha akiba na mikopo, mjini Embu. Tulimfikia Gedion langoni kwa Muriithi.

"Baba Tabby," Lydiah akamwuliza, "hawa mbuzi huwa unakuja kuwaona?"

"Si hawa hapa!"

"Na pesa yako umeiona wapi?"

"Kwa simu."

"Hiyo ni picha."

Gedion akawaka. "Kwani soko la hisa ni uongo?"

"Si uongo. Kampuni ikitaka kupanua kazi, inauza hisa, yaani vipande vyake. Ukinunua, wewe ni mmoja wa wenye kampuni. Ikipata faida, nawe unaweza kupata. Ikianguka, umeanguka nayo. Hakuna mtu wa kukuahidi faida kila wiki. Tena unanunua kwa dalali mwenye leseni, na unauliza kwanza Mamlaka ya Masoko ya Mitaji kama wanamjua. Na karo haiendi huko. Bei ikishuka siku ya kulipa, utafanya nini?"

"Na hii ada?"

"Kama faida iko, si wangekata ada huko huko?"

Gedion akakaa chini mchangani. Muriithi akamnyang'anya kamba. "Enda nyumbani. Leo sikupi mbuzi."

Tuliripoti polisi. Mpaka leo, hakuna kitu kilichorudi. Wale mbuzi wa kwa Muriithi walipona, na ndio karo ya mwaka ujao. Siku hizi Gedion hatumi pesa popote kabla ya kumwuliza Lydiah.

Mama mwenzangu, uliza mapema, mbuzi wakiwa bado bomani. Wenzake Tabby wako chuo. Yeye anachuma muguka, ile miraa ya kwetu, kwa mashamba ya watu, na akirudi jioni, anampita baba yake bila kumsalimia.