Pengo la Saa Nne na Nusu

Kila asubuhi, kabla hajaiwasha, mama yangu huisalimu injini. Huipiga kofi dogo ubavuni na kuiuliza kama imelala salama. Kisha hupima oili, huangalia maji ya kupoozea, hufuta vumbi kwenye vioo vya geji, na ndipo anapowasha. Jumamosi, nikiwa sina shule, huwa nafuatana naye kituoni nikiwa nimebeba chupa ya chai na kuongea njia nzima. Wafanyakazi wa pale hata jina langu hawalijui. Wananiita Kasuku, na siwezi kusema wananionea.

Injini hiyo ya dizeli ndiyo inayosukuma maji ya mji wetu, na mama ameitunza kwa miaka kumi na saba. Anaweza kuwa nje anakunywa chai, mara akainua kidole na kusema, "Silinda ya tatu hiyo, haina raha." Wakifungua, wanakuta kweli silinda ya tatu ina tatizo. Mimi nilijivunia sikio la mama kuliko wengine wanavyojivunia magari ya baba zao.

Lakini mwaka ule injini ilianza kutoa moshi mweusi. Nguo zilizoanikwa nyumba za jirani ziliingizwa ndani zikiwa na madoa ya masizi, na watoto walikohoa mchana kutwa. Mama alijaribu kila alichokijua. Mwishowe ofisi ya maji ikamleta mhandisi kijana, mwembamba, mwenye kompyuta mkobani.

"Shikamoo, Mama Fundi," alisema. "Nimesikia sifa zako."

"Marahaba, mwanangu. Sifa hazizimi moshi. Karibu kazini."

Mimi, kama kawaida yangu, nilianza maswali kabla hajakaa. Hakukasirika. Aliniambia kwamba injini ya dizeli haina plagi ya kuwashia. Hewa hubanwa ndani ya silinda mpaka inapata moto mkali, kisha nozeli hunyunyiza dizeli, nayo hujiwakia yenyewe.

"Ikinyunyizwa mapema mno, injini inagonga," alisema. "Ikichelewa, dizeli haiungui ikaisha. Moshi wenu unatoka hapo."

"Kwa hiyo kazi ni kujua wakati tu?"

"Wakati, na kiasi. Na mzigo ukibadilika, jibu nalo linabadilika. Ndiyo maana nimetengeneza pacha wa injini hii humu ndani ya kompyuta. Ni hesabu tupu. Tutamjaribu yeye kwanza, akituonyesha njia nzuri, tutaweka kisanduku cha kuiongoza injini yenyewe."

Mama alicheka mpaka akashika kiuno. "Pacha gani huyo, hajui hata harufu ya dizeli!"

"Hanywi dizeli, mama. Anakula namba. Tukimlisha namba za kweli, atafanana na nduguye. Tukimlisha ovyo, atakuwa pacha wa mtu mwingine."

Siku ya kumlisha pacha ilikuwa Jumamosi. Mhandisi alikuwa na darasa la kufundisha chuoni, hivyo alituachia daftari. Kila robo saa, tangu saa mbili hadi saa sita, mtu alitakiwa kusoma geji mbili, ya joto la moshi na ya shinikizo la maji, na kuandika. Mama ana kazi zake, tena kila Jumamosi saa nne na dakika ishirini huenda nyuma ya kituo kufungua koki ya tangi la juu, lile la hospitali, kwa dakika ishirini. Akanipa mimi kalamu.

"Leo macho yako ndiyo macho yangu," aliniambia.

Nilisoma vizuri. Saa nne na robo niliandika nyuzi mia tatu themanini. Hapo ndipo rafiki yangu wa darasani akapita dirishani na baiskeli mpya. Nilitoka kuitazama mara moja tu. Basi tukaongea kengele, tukaongea breki, nikaipanda, nikaanguka, tukacheka. Niliporudi mbio, saa ilikuwa nne na dakika arobaini na tano. Geji ya joto ilionyesha mia tatu tisini, na mstari wa saa nne na nusu ulikuwa mtupu.

Niliutazama ule mstari, nao ukanitazama. Kuna ubaya gani, nilijiambia, kati ya themanini na tisini si kuna themanini na tano? Nikaandika mia tatu themanini na tano. Geji ya maji nayo nikaifanyia vivyo hivyo. Ukurasa ulipendeza, na jioni mhandisi aliusifu mwandiko wangu. Nilisema asante, lakini usiku ule sikuongea sana, na mama akanigusa paji la uso kuona kama nina homa.

Baada ya wiki mbili kila kitu kilikuwa tayari. Mama alifunga nozeli mpya kwa mikono yake, zile zinazofuata amri ya umeme, na mhandisi akaunganisha kisanduku chake. Mkuu wa kituo alikuja, na majirani wakasimama getini. Injini ikawashwa. Moshi mweusi ulitoka mara mbili, ukawa wa kijivu, kisha bomba likabaki likitoa hewa tu. Majirani walipiga makofi. Mama alijifanya anafuta mikono, lakini meno yote yalikuwa nje.

Ilipofika saa ya tangi la juu, alikwenda kufungua koki kama kila Jumamosi. Injini ikazama sauti, ikajikaza, kisha ikaanza: ko! ko! ko! Sakafu ilitetemeka. Mama alirudi mbio akaizima kabla yeyote hajatoa neno.

"Inagonga," alisema akihema. "Ingeendelea hivi, tungeokota vipande vya pistoni."

Mhandisi aliinamia kompyuta. "Pacha anasema haipaswi kugonga," alisema polepole. "Sielewi. Labda nozeli moja haikukaa sawasawa."

"Nimezifunga mimi," alisema mama. "Zimekaa."

Mkuu wa kituo alikohoa. "Mama Fundi, tusilaumiane. Lakini kompyuta haisahau wala haizeeki. Sisi binadamu mikono inachoka. Pengine nitafute fundi mwingine azikague hizo nozeli, nawe upumzike kidogo."

Mama alivua glavu, moja, halafu ya pili, akaziweka juu ya injini kama mtu anayerudisha alichoazimwa. Miaka kumi na saba ya jina lake ilikuwa inaondoka mbele ya watu, na mwizi wake alikuwa mimi.

"Si nozeli!" nilipiga kelele. "Ni mimi!"

Wote waligeuka. Nikaeleza yote: baiskeli, mstari mtupu, themanini na tano. Nilieleza nikilia, na nilivyo mimi, hata katika kilio maneno hayakupungua. Mhandisi alifungua daftari akauweka ukucha kwenye ule mstari.

"Saa nne na nusu," alinong'ona. "Koki ilikuwa wazi. Hiyo ndiyo saa pekee ambayo injini hubeba mzigo mzito, na pacha hakuwahi kujua. Mama Fundi, nisamehe. Nilipaswa kuuliza."

Mama alinigeukia. Nilisubiri kofi au mdomo, lakini havikuja. Alichukua glavu zake akazivaa.

"Mhandisi, chomoa kisanduku chako, nirudishe nozeli za zamani. Kisha nitafungua koki tena. Na wewe Kasuku, shika kalamu. Kila dakika mbili, usome tena."

Nilisimama mbele ya geji kama nimepigiliwa misumari. Koki ilipofunguliwa, mshale ulipanda: mia nne, mia nne thelathini, mpaka mia nne sabini! Niliandika kila kimoja. Katikati, mpira wa maji ulichomoka, maji yakanilowesha mimi na vioo vya geji, na dakika nzima sikuona kitu. Nilifuta kioo kwa sketi yangu. Wakati wa kuandika ulikuwa umepita. Safari hii mkono haukutafuta namba ya katikati. Niliandika kwa herufi kubwa: SIKUONA.

Mhandisi alipolichukua daftari, alisoma mpaka chini, akarudi kwenye lile neno, akatabasamu. "Pacha akikuta namba ya uongo, anaiamini," alisema. "Akikuta 'sikuona', anajua mahali asipopajua. Laiti wanafunzi wangu chuoni wangeandika hivi."

Alifanya kazi siku nne. Jumamosi iliyofuata watu walikuwa wengi zaidi, kwani habari ya kugonga ilikuwa imezagaa. Saa nne ikapita, mama akaenda kwenye koki. Injini ikazama sauti, ikajikaza, kisanduku kikawasha taa yake ndogo ya kijani, na injini ikaendelea kunguruma sauti moja, laini. Bomba halikutoa moshi. Mama alirudi, akainamisha kichwa, akasikiliza silinda zote sita.

"Zina raha," alisema.

Mkuu wa kituo alimshika mkono kwa mikono yake miwili. "Mama Fundi, nilikosea. Sikio lako halijazeeka."

"Hata mimi nilikuwa na kosa nyumbani kwangu," alijibu mama, akanivuta mbele ya watu wote. "Mwanangu, wahenga walisema jino la pembe si dawa ya pengo. Ukikosa kitu, sema umekosa. Pengo likionekana, watu watakusaidia kuliziba. Ukilificha kwa jino la bandia, siku ya kutafuna mfupa ndipo utakapoumbuka, tena na wenzako."

"Nimesikia, mama."

Bibi mmoja jirani, mwenye kanga zake mkononi tayari kwa kuanikwa, aliuliza, "Na huyu binti ni nani?"

Nilisubiri aseme Kasuku, wote wacheke. Mama aliniwekea kalamu nyuma ya sikio, akanyoosha mgongo.

"Huyu," alisema, "ndiye msomaji wetu wa vipimo."

Kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe, sikuwa na neno la kuongeza.