Ndege ya Mwalimu

Wewe unayesoma hapo, hebu nijibu kabla hatujafika mbali: umewahi kuulizwa jina la mama yako na mtu wa serikali, ukalitaja palepale, bila kujiuliza analitakia nini?

Mikidache aliulizwa. Akalitaja. Na alikuwa na digrii.

Digrii ya fizikia, ya Dar es Salaam, yenye muhuri. Alizaliwa Unguja kwa wazazi Wangazija, na visiwa vilipopata uhuru alifunga sanduku akaja Moroni kuijenga nchi. Aliijenga mwaka na ushei, karani wa hali ya hewa. Kisha, mwaka sabini na saba, serikali ya Mongozi, ndivyo rais alivyojiita, ikafuta utumishi wa umma kwa pigo moja na mafaili yakatiwa moto. La paperasse, c'est fini! Makaratasi basi! Moshi wa makaratasi ulitambaa mpaka Magoudjou, mtaani kwa shangazi yake Hadjira, ambako Mikidache alikuwa akilala chumba cha uani akila wali wa watu.

Shangazi Hadjira hakumsema sana. Alimwambia tu kwamba cheti chake ni karatasi nene, nzuri, kingefaa kufunikia chungu.

Ndipo likaja tumaini. Kamati ya Mutsamudu, kwenye kisiwa cha pili, ilitangaza nafasi moja ya kwenda ng'ambo kusomea urubani. Moja tu. Ataipata yule atakayerusha ndege ya mfano, ile ndogo inayoongozwa kwa redio kutoka chini, mbele ya wajumbe kutoka Moroni, Ijumaa, kwenye uwanja wa ndege wa Ouani. Utacheka. Mikidache hakucheka. Hiyo ndiyo njia pekee aliyoiona ya kutoka visiwani kabla hajaoza.

Hakuwahi kurusha hata tiara. Lakini alikuwa na jarida la Kifaransa lililoachwa na waliokimbia uhuru, na alilihifadhi kama msahafu. Anayeanza asinunue ndege nzuri, lilisema. Anunue ndege yenye kusamehe. Bawa likae juu ya kiwiliwili, si chini. Ncha zake ziinuke kidogo, ndege ikiyumba ijirudishe yenyewe. Injini iwe ndogo. Na ukiweza, pata visanduku viwili vya redio vilivyounganishwa kwa waya: kimoja cha mwanafunzi, kimoja cha mwalimu, ili mwanafunzi akikosea mwalimu amnyang'anye usukani hukohuko angani.

Dukani Magoudjou aliiona moja. Nyekundu, bawa chini, kali kama wembe, bei yake kama mahari. Aliishika, akairudisha. Ndege ya fahari, kwa mkono wake ingekuwa kuni siku ya kwanza. Muuzaji akamwambia za watu wa hali yake ziko Mutsamudu, kwenye ghala la kamati. Akapanda meli ya mizigo, akakaa juu ya magunia ya mchele usiku na mchana.

Alifika ghalani Alhamisi, jua likitua. Kichochoro kilikuwa chembamba, kuta karibu zigusane mabega. Mlango ulifunguliwa na Rachadi, mtunza ghala, mpagazi wa bandarini aliyeamka siku moja akaambiwa yeye ni serikali.

Ndani mlinuka mafuta ya mbarika. Mazito. Matamu. Yanayong'ang'ania kooni.

Mikidache akafurahi. Injini hizi hunywa spiriti iliyochanganywa na mafuta hayo. Harufu ile ilikuwa ya jarida lake.

Ndege ilikuwa mezani. Bawa juu. Ncha zimeinuka. Kitambaa cha bawa kina viraka vilivyoshonwa kwa subira. Kando yake kisanduku kimoja cha redio, antena na vijiti viwili. Bei ya mkungu wa ndizi.

“Sanduku la mwalimu lipo?” aliuliza, na akashangaa kujisikia ananong'ona.

Rachadi alimkazia macho. “Kumbe unajua,” akanong'ona naye. “Vyote ni vya mwalimu. Tulivitoa nyumbani kwake.”

Hapo ndipo alipozama. Sisi wa Kiswahili mwalimu wetu ni wa chaki na ubao. Kule visiwani mwenye chaki ni fundi. Mwalimu ni mwingine... ni mpiga ramli, mwenye kuhesabu nyota za watu na kufunga majini. Mikidache neno hilo alilijua. Alikaa Moroni mwaka mzima. Lakini sikio la msomi husikia kitabu chake kwanza.

Rachadi alitaka kuandika risiti. Karatasi hazikuwepo, walizichoma wenyewe, mabwana wa mapinduzi, mpaka za kufungia karanga. Akavuta kutoka chini ya meza daftari kubwa la ngozi, lililokwisha kupigwa mistari, miraba midogo midogo, na kidau cha wino wa zafarani.

“Jina.”

“Mikidache.”

“La mama.”

“La baba, unamaanisha.”

“Safu inasema la mama.”

Mikidache alikaribia kucheka. Mapinduzi, alijisemea, yamewakumbuka akina mama.

“Koultoumi.”

Karatasi iliunywa wino upesi, kama yenye kiu. Juu ya jina lake palikuwa na jina moja tu kwenye ukurasa ule. *Gérard wa Odette.*

Ijumaa, baada ya alasiri, wajumbe walikaa vitini kando ya uwanja wa Ouani. Mikidache alizungusha pangaboi kwa kidole mara tatu. Injini ikakohoa, ikashika, ikalia kama nyuki kwenye chupa. Ndege ikapaa.

Ikapaa vizuri mno.

Kwenye kona ya pili alikosea. Alivuta kijiti pasipovutwa; ndege ikalala ubavu, ikaanza kuanguka. Mikidache aliyaona maisha yake yote yanashuka na lile bawa la viraka.

Kijiti kikasogea.

Chenyewe. Chini ya kidole chake. Polepole, kwa ustadi, kama mkono wa mtu mzima juu ya mkono wa mtoto anayefunzwa kuandika. Ndege ikainuka, ikazunguka kushoto, ikatua mbele ya viatu vyake.

Wajumbe wakapiga makofi. Mikidache alitazama nyuma ya kisanduku, kwenye tundu la waya wa kukiunganisha na cha mwalimu.

Waya haukuwepo.

Alijiambia ni mawimbi yameingiliana. Msomi hakosi jina la kitu. Na furaha ilikuwa kubwa: nafasi ni yake, ndege ya wajumbe inarudi Moroni jioni ileile, yeye ndani, na baada ya hapo ng'ambo. Akachukua kifurushi chake. Wajumbe walikuwa wakipanda ngazi, mmoja amebana kwapani kitu kikubwa cha ngozi ambacho Mikidache hakukitilia maanani.

Hatua ishirini mpaka ngazini. Kumi. Tano...

Miguu yake ikakata kushoto.

Alidhani amejikwaa. Akajiweka sawa, akaielekea ngazi. Tano. Tatu. Kushoto tena. Duara pana, safi, bega la kushoto limelala kidogo.

“Monsieur l'ingénieur,” mjumbe mmoja alimwita kutoka juu, “ngazi iko huku.” Wenzake wakacheka.

Mara ya tatu aliikamata nguzo ya ngazi kwa mikono miwili. Mikono ilishika. Miguu haikukubali. Ikavuta, ikavuta, mpaka vidole vikaachia kimoja kimoja. Na masikioni, mbali, akausikia... ule mlio wa nyuki. Ndege yake ilikuwa nyasini, injini baridi, tangi kavu. Mlio ulikuwa ndani ya kifua chake. Akakohoa. Mate yalikuwa na ladha ya mbarika.

Mlango wa ndege ukafungwa. Nafasi ya Mikidache ikapaa bila Mikidache.

Miguu ndiyo iliyompeleka Mutsamudu, kwa barabara yote ya pwani, naye akiwa juu yake kama abiria. Ikamwingiza vichochoroni, ikatua mbele ya mlango mmoja mdogo. Kizee kilikuwa kimekaa kizingitini, hakikushtuka. Majirani walimwita Koko Loutfia, yaani bibi Loutfia; alikuwa binti wa mwalimu.

“Kwezi, koko,” Mikidache akamwamkia kama wadogo wanavyowaamkia wakubwa huko.

“Mbona, mwanangu,” akaitikia, ndiyo marahaba ya huko. Akamtazama miguu. “Wamekuandika.”

Alimsimulia kwa ufupi, akichagua mchele. Baba yake hakuwa na ndege. Ndege ilikuwa ya Gérard, Mfaransa fundi wa redio, aliyefika siku moja amefurahi amelewa, akataka aandikwe naye, kwa mzaha, ili ndege yake isipotee. Baba alimkatalia. Mfaransa akajiandika mwenyewe. Daftari lile halikuwa na mzaha: aliyeandikwa huongozwa, na aliyelishika ndiye mwenye vijiti. Baba alilifungia sandukuni miaka ishirini asimwongoze mtu. Ndipo kamati ilipokuja kupiga vita uchawi. Baba wakampeleka gerezani, hakurudi. Daftari wakasema ni karatasi nzuri.

“Na yule Mfaransa? Wenzake walipoondoka, aliondoka?”

“Mizigo yake iliondoka. Ndege ilibaki kwetu.”

Akamwambia neno moja tu la kushika. Wino ule huoshwa kwa maji, kama aya za kombe la dawa. Maji safi, jina likafutika, mtu akawa wake. Lakini lisichomwe. Daftari likichomwa, walioandikwa...

Akarudi kwenye mchele wake.

Mikidache alikwenda ghalani mbio, mbio za kona. Rachadi akamweleza kwa fahari kwamba daftari limepanda cheo. Moroni hakuna karatasi, na serikali inataka kuorodhesha raia upya, nyumba kwa nyumba, kuanzia mji wa Itsandra. Wajumbe wamelipenda. Lina safu tayari.

Yote haya yalitokea zamani. Mongozi alipinduliwa, wakaja wengine na bunduki za kukodi. Mikidache yuko Mutsamudu mpaka leo, ndevu nyeupe, akifika gatini anakata kushoto. Watoto humchezea mchezo huo. Siku nyingine anasimama ghafla katikati ya sokoni, mkono juu, anangoja... kama mtu anayesikia kijiti kikiguswa na kidole kigeni.

Basi nyinyi mlio Moroni, mlioliweka daftari jana na mnaolikalia leo, nasema nanyi bila s'il vous plaît, bila tafadhali. Toeni. Lileteni uwanjani mchana kweupe, na ndoo ya maji. Someni jina moja moja, pamoja na la mama, tujue ni wangapi, kisha tuoshe. Msitume kamati. Msitume mtu mwenye kiberiti. Tunaijua tabia yenu na karatasi.

Na harakisheni. Tangu wiki iliyopita Mikidache anasema ananusa moshi.