Alhamisi ya Mama Cuendet

Zamani jengo letu la Lausanne lilikuwa na chumba kimoja cha kufulia, chini kabisa. Kila familia ilikuwa na zamu yake. Ukiingilia zamu ya mwenzio, mtanuniana mwaka mzima. Alhamisi ilikuwa ya Mama Cuendet, mjane wa ghorofa ya nne. Magoti yalimsumbua, akawa anashuka ngazi taratibu na kapu lake. Jinsi ninavyozikumbuka hatua zile!

Daftari la zamu likaloa maji, likaharibika. Mume wangu Blaise akajitolea kuandika programu ya kupanga zamu. Mwenye jengo akasema, "Orodha isipokuwa tayari Ijumaa, atakayewahi ndiye atakayefua."

Mama Cuendet akaniuliza, "Mwanangu, kwa magoti haya mimi nitamuwahi nani?"

Programu ilitakiwa ijisome yenyewe, ijue kila zamu ina sehemu gani: familia, siku na saa. Lakini orodha ilitoka tupu. Blaise alikuwa amechoka, na mimi mdomo wangu haukusaidia.

"Si ulisema ni kazi ya siku moja?"

"Niache, Noëlle!"

Ijumaa asubuhi nikamwita jirani yetu Solange, fundi wa programu. Akatazama, akacheka.

"Blaise, hapa umeiambia itafute Zamu. Zamu ipi?"

"Kwani ziko ngapi?"

"Mbili, bwana! Kuna aina iitwayo Zamu, inayoeleza kila zamu ina nini. Na kuna kitu kiitwacho Zamu, kinachotengeneza zamu mpya. Lugha hii ya programu inaruhusu aina na kitu vitumie jina moja, mahali pamoja."

"Na mimi nimeipa jina tupu, bila kusema ni la aina au la kitu!"

"Ndiyo. Ikaokota kile kitu, nacho hakina familia wala siku. Iambie wazi: hili ni jina la aina. Siku ukitaka kitu, sema hili ni jina la kitu."

Blaise akabadilisha mstari mmoja. Karatasi ikatoka. Nikasoma kwa sauti, "Alhamisi, Cuendet," na machozi yakanitoka.

Alhamisi iliyofuata Mama Cuendet alishuka kwa mwendo wake, akafua shuka zake, wala hakuna aliyemharakisha.

Leo kila nyumba ina mashine yake, na Mama Cuendet hayupo tena. Namkumbuka sana. Mashine ni yangu, naweza kufua siku yoyote nipendayo. Alhamisi sifui.