Yai la Shangazi Limekwama

Kila mchana, fundi cherehani alipima vikombe viwili vya mchele. Kimoja chake, kimoja cha binti yake. Binti mwenyewe alikuwa mbali, kwenye kazi ya uuguzi, na huu ulikuwa mwaka wa pili. Lakini mkono wa fundi ulizoea vikombe viwili, na yeye hakuwa na moyo wa kuukataza.

Basi kikombe cha pili kikawa cha Shangazi.

Shangazi alikuwa kuku. Binti ndiye aliyemlea tangu kifaranga. Alimpa jina hilo kwa sababu aliingia kila chumba kukagua, kama shangazi aliyekuja kusalimia. Fundi aliogopa mno kumpoteza. Mwewe wapo, mbwa wapo, na majirani wenye sufuria kubwa wapo. Kwa hiyo alimhamishia chumbani kwa binti, akafunga dirisha, akamtandikia gunia chini ya kitanda. Kwa miezi mitatu Shangazi alikula wali, akanenepa, wala hakuliona jua.

Kila Jumapili binti alipiga simu.

"Shikamoo mama. Shangazi anataga?"

"Marahaba mwanangu. Anataga!"

Habari za kuku zilikuwa rahisi. Kusema "nimekukumbuka" ndiko kulikomshinda fundi. Kila akijaribu, alijikuta amerudi kwenye mayai.

Wiki moja yai likatoka na ganda laini, likabonyea mkononi. Fundi alilitupa, hakumwambia mtu. Jumamosi asubuhi Shangazi hakukagua chochote. Alisimama pembeni, manyoya yamevimba, mkia chini. Alijikamua, hakikutoka kitu.

"Usinifanyie hivyo, mama," fundi alimbembeleza. "Kesho akipiga simu, nitamwambia nini mwenzio?"

Akampakata, akaanza kumbonyeza tumbo.

"Hodi! Sketi yangu tayari?"

Alikuwa jirani yake, mtaalamu wa mifugo. Mtaa mzima ulimwita Mama Chanjo, maana akionekana tu, kuku wanachanjwa. Aliona mikono ya fundi, akaruka.

"Acha, fundi! Usimbonyeze! Yai likipasukia ndani, maganda yatamkata. Utampoteza."

"Nifanyeje, dada yangu? Huyu ni kuku wa mwanangu."

"Leta beseni. Maji ya uvuguvugu, kama ya kuogeshea mtoto mchanga."

Walimkalisha Shangazi ndani, maji yakamfika tumboni. Akakaa robo saa, macho yamefumba nusu. Kisha Mama Chanjo alivaa glavu, akapaka mafuta ya kupikia kidogo pale yai linapotokea. Wakamkausha kwa taulo, wakamweka kwenye boksi lenye kitambaa safi, mahali penye joto na giza kidogo, maji ya kunywa karibu.

"Sasa tumwache, asisumbuliwe. Likikataa kutoka mpaka jioni, tunampeleka kwa daktari wa mifugo. Hatungoji kesho."

Wakakaa kungoja. Mama Chanjo akatazama dirisha lililofungwa na sahani ya wali sakafuni.

"Anakula nini?"

"Wali."

"Na nini?"

"Wali mwingi."

"Fundi, huyu kuku ana kitambi! Mafuta yakizidi tumboni, yai hukosa njia. Na ganda linahitaji madini ya chokaa ili liwe gumu. Wali hauna ya kutosha, na bila jua mwili hauwezi kuyatumia vizuri. Mpe chakula cha kuku wa mayai, majani mabichi na maji safi. Chombo kingine kiwe na chokaa ya mifugo, au maganda ya mayai yaliyochemshwa, yakakaushwa na kusagwa. Atadonoa mwenyewe anachohitaji. Na atoke nje."

"Lakini wali huo ni wa..."

Mama Chanjo akakitazama kitanda. Kilikuwa kimetandikwa, na mto umepangwa vizuri.

"Najua ni wa nani," alisema polepole. "Lakini kuku hawezi kumlia binti yako fungu lake. Atakufa, fundi."

Fundi akalia. Machozi hayakuwa ya kuku peke yake. Mama Chanjo alimshika bega.

Kabla ya adhuhuri kelele zikatoka kwenye boksi. Shangazi alikuwa amesimama juu ya yai, akiutangazia mtaa mzima.

Siku ileile fundi alifungua dirisha. Akazungushia wavu pembeni mwa uwanja, penye jua na kivuli. Baada ya wiki tatu Shangazi alikuwa mwepesi, na maganda ya mayai yake yalikuwa magumu.

Jumapili iliyofuata, fundi akiwa ameamua kusema kweli, simu ikalia.

"Shikamoo mama. Shangazi anataga?"

"Marahaba. Anataga sasa. Lakini alikaribia kufa, mwanangu. Mimi ndiye niliyemfungia chumbani kwako, nikampa wali wako."

"Wali wangu?"

"Nilikuwa bado napima vikombe viwili."

Fundi alisikia binti akivuta pumzi.

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Wewe ulikuwa unauliza habari za kuku."

"Nilikuwa naogopa kukuuliza habari zako. Ningelia."

"Basi lia, mwanangu. Mimi nimeshalia. Nimekukumbuka sana."

Walilia wote wawili, mpaka Shangazi akaja dirishani kukagua.

"Kesho nitaomba likizo," binti alisema. "Nikipewa tarehe, nakupigia."

"Nipigie mapema," fundi alisema. "Siku hizi napima kimoja."