Picha ya Thelathini na Sita

Haya yalimkuta rafiki yangu mpiga picha, mtu mkavu asiyejua woga.

Alishinda asubuhi kwenye mizinga ya marehemu mjomba wake, akiwapiga picha nyuki wakiruka, kwa ile kamera yake ya filamu. Alipiga thelathini na tano. Ya mwisho akaipiga nyumbani, ndani ya chumba chake cha kusafishia picha. Alipiga kiti kitupu, ili tu filamu iishe.

Kisha akajifungia humo, akazima taa. Akiwa anaitoa filamu gizani, akasikia mvumo mwembamba.

"Kaka, umeleta nyuki ndani?" dada yake akauliza nje ya mlango.

"Hata mmoja."

"Mbona wanavuma huko kwako?"

Akaendelea kuisafisha filamu kwa dawa. Filamu ilipokauka, akawasha taa nyekundu, akakaa kwenye kiti kile kile kuchapa picha. Kwenye picha ya kwanza nyuki walikuwa tele, ila kando ya mzinga palikuwa na pengo, kana kwamba wanamkwepa mtu. Kwenye ya kumi, pengo limesogea. Kwenye ya ishirini lina kichwa na mabega. Kwenye ya thelathini na tano limefika mbele ya lenzi.

"Dada," akaita. Kimya. Hata mvumo ulikuwa umekoma.

Karatasi ya mwisho ikaanza kujichora polepole ndani ya dawa. Pichani, chumba kizima kilikuwa kimejaa nyuki, dari hadi sakafu, isipokuwa pengo moja refu, lililoinama nyuma ya kiti alichokalia.