Sikuyapanda Yaliwe

"Usipoyang'oa magugu haya kabla ya Jumamosi, Jumapili mchungaji hatasoma tangazo lenu la pili la ndoa. Nitamzuia mwenyewe."

Mama Manase alikuwa amesimama ukingoni mwa bustani ya Dorosela, huko Yakobi, kitenge amekifunga juu ya sweta mbili. Chini ya mparachichi, vayoleti zilikuwa zimetambaa kivulini, zambarau tupu, na harufu yake tamu ilipenya ukungu wa Julai.

"Si magugu, mama. Ni maua. Nimeyalea miaka mitatu."

"Hapa pangetoa viazi. Mwanangu atashiba kwa kunusa?"

Alipoondoka, Dorosela alimpigia mchumba wake, Manase, aliyekuwa kazini kwenye duka la vipuri Makambako. Hakupokea. Baadaye ukaingia ujumbe: "Yang'oe tu mpenzi, mama atulie. Nitakununulia ya plastiki."

Dorosela akaandika: "Ya plastiki mpe mke wa plastiki. Siyang'oi."

Jumamosi Manase na mama yake walifika kwa Dorosela kula chakula cha mchana. Mpishi alikuwa Avelina, shangazi wa Dorosela, aliyewasili asubuhi ileile kutoka Iwawa bila kusimuliwa ugomvi wowote. Dorosela alipokwenda dukani kufuata mafuta, shangazi alikuta majani laini nyuma ya nyumba, chini ya mparachichi, akachuma sufuria nzima, akayaunga kwa karanga.

Mama Manase akala, akaongeza, akaongeza tena.

"Shangazi, mboga hii inateleza kama mlenda. Umeitoa wapi?"

"Hapo nyuma tu. Ile yenye maua ya zambarau."

Tonge likasimama njiani. Manase akakohoa kuficha kicheko.

"Kumbe ni mboga," mama yake akasema hatimaye. "Basi yabaki. Mngesema mapema, tungegombania nini?"

Kila mtu akashusha pumzi, isipokuwa Dorosela.

"Hapana, mama. Sikuyapanda yaliwe. Nimeyapanda kwa kuwa nayapenda. Kama yanahitaji ruhusa ya jikoni, basi nami nitaihitaji, na siku nikiugua nishindwe kupika mtanirudisha kwetu. Kwa sababu hiyo, mwambie mchungaji asisome tangazo."

Manase akaacha kula.

"Nilikosea kukuandikia vile."

"Ulikosea."

"Unataka yabaki bila sababu yoyote?"

"Bila sababu yoyote."

"Basi yabaki hivyo. Mama, ukienda kwa mchungaji utanikuta nimetangulia. Asiposoma jina la Dorosela, hatasoma la mwingine."

Mama Manase akanawa mikono polepole, akaondoka bila kuaga.

Jumapili, mchungaji alisoma majina yao mawili, kisha akauliza kama kuna mwenye pingamizi. Mama Manase akasimama. Kanisa zima likageuka. Alipita katikati ya mabenchi, kwa hatua za mtu asiye na haraka, hadi alipoketi Dorosela.

"Sogea," akanong'ona. "Sijakubali."

"Najua, mama," Dorosela akajibu, akasogea kumpa nafasi akae.